Ulinganishaji si Utambuzi: Programu za Kukagua Wizi wa Kitaaluma Mbele ya Maandishi ya Akili Unde

1.0 Utangulizi

Tangu kampuni ya OpenAI ilipoitoa programu ya ChatGPT tarehe 30 Novemba 2022, swali moja limekuwa likirudiwarudiwa katika vikao vya idara na vya bodi za masomo ya uzamili: je, programu ambazo vyuo vikuu vimezizoea katika kukagua wizi wa kitaaluma zaweza kubaini maandishi yaliyotungwa na akili unde, au akili mnemba kama wengine wanavyopendelea kuiita? Swali hili si la kiufundi tu. Jibu lake laweza kumpa mtahiniwa shahada au kumnyima, na laweza kuijenga heshima ya idara au kuibomoa.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo kwa kueleza kwanza jinsi programu hizo zinavyofanya kazi, kisha kuyapima matokeo ya majaribio yaliyochapishwa, na hatimaye kutazama hali ya maandishi ya Kiswahili. Hoja yetu ya msingi ni kwamba chini ya jina moja la "ukaguzi" mna kazi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni ulinganishaji, yaani kuyaweka maandishi mawili sambamba na kuonyesha panapofanana. Ya pili ni ukisiaji, yaani kuyatazama maandishi peke yake na kukadiria yametoka kwa nani. Matokeo ya ulinganishaji yaweza kuhakikiwa na msomaji yeyote aliye na subira. Matokeo ya ukisiaji hayahakikiki kwa njia hiyo. Kwa hiyo hayapaswi kupewa uzito mmoja mbele ya kamati ya nidhamu.

Kabla ya kuendelea, yafaa tufafanue istilahi tatu. Kwa wizi wa kitaaluma tunakusudia kitendo cha kutwaa maneno au mawazo ya mtu mwingine na kuyatoa kama kwamba ni ya mtwaaji. Kwa modeli ya lugha tunakusudia programu iliyofunzwa kwa maandishi mengi mno hata ikaweza kukadiria neno, au kipande cha neno, kinachofaa kufuata baada ya yale yaliyotangulia. Kwa tuhuma ya uongo tunakusudia hali ya programu kuyahesabu maandishi ya binadamu kuwa ni ya mashine.

2.0 Kazi ya Kwanza: Ulinganishaji

Programu ya kukagua wizi wa kitaaluma huhitaji vitu viwili: maandishi yanayokaguliwa na ghala la maandishi ya kulinganishia. Ghala hilo huwa na kurasa za intaneti, makala za majarida, vitabu, na kazi za wanafunzi zilizopata kukusanywa. Maandishi hukatwa katika mifuatano mifupi ya maneno inayopishana, na kila mfuatano hugeuzwa kuwa namba. Namba hizo, kama alama za vidole, huwekwa kwenye kumbukumbu na kulinganishwa na namba za maandishi yaliyomo ghalani. Mwaka 2003 Schleimer, Wilkerson na Aiken walieleza njia ya kuchagua baadhi tu ya alama hizo bila ya kupoteza uwezo wa kugundua kufanana. Njia hiyo ilitumika katika programu ya Moss, inayolinganisha kazi za wanafunzi wa sayansi ya kompyuta.

Ripoti ya ulinganishaji hutoa asilimia ya mfanano. Asilimia hiyo haisemi kwamba wizi umetendeka. Mwanafunzi anayehakiki Utenzi wa Mwana Kupona, akanukuu beti nyingi kwa kutaja chanzo chake, aweza kupata asilimia kubwa ilhali hakuiba hata neno. Kinyume chake, mwanafunzi aliyechukua hoja yote ya mtafiti mwingine na kuisema kwa maneno mapya, au aliyetafsiri makala ya Kiingereza sentensi kwa sentensi, aweza kuponyoka kabisa katika ulinganishaji wa kawaida wa mifuatano ya maneno. Hata hivyo ripoti hiyo ina sifa moja kubwa: kando ya kila sehemu iliyotiwa alama huonyeshwa chanzo chake. Mtahini hufungua chanzo, husoma, kisha huamua. Mtuhumiwa naye huona anachotuhumiwa na aweza kujitetea.

Sasa tujiulize, maandishi ya akili unde yakipitishwa katika programu ya namna hii, itapata nini? Modeli ya lugha kwa kawaida hainakili kifungu kutoka mahali fulani. Huunda maandishi kipande kwa kipande, kila kimoja kikichaguliwa kwa uzito wa uwezekano, na kwa kuwa uchaguzi huo una bahati nasibu ndani yake, swali lile lile likiulizwa mara mbili huzaa majibu mawili yenye maneno tofauti. Hivyo maandishi hayo hayakuwamo katika ghala lolote kabla hayajaandikwa. Programu ya ulinganishaji humtafuta aliyeibiwa, na hapa aliyeibiwa hayupo. Mashine ikitokea kukariri matini mashuhuri neno kwa neno, mfanano utaonekana. Lakini hilo ni jambo la nadra, na kilichogunduliwa hapo ni matini yenyewe, si mashine.

Jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu basi ni hapana. Ulinganishaji hautambui maandishi ya akili unde, wala haukuundwa kwa kazi hiyo.

3.0 Kazi ya Pili: Ukisiaji

Kwa kulitambua pengo hilo, watengenezaji walileta chombo cha pili. Januari 2023 Edward Tian, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Princeton, alitoa programu ya GPTZero. Aprili mwaka huo huo kampuni ya Turnitin iliongeza kipimo cha maandishi ya akili unde ndani ya programu yake ya ulinganishaji. Kuwekwa kwa vyombo viwili katika programu moja ndiko kulikowafanya walimu wengi waamini kwamba ni chombo kimoja.

Msingi wa ukisiaji ni utabirikaji. Mswahili yeyote akisikia "Mtoto umleavyo" anajua yatakayofuata. Akisikia "Jana jioni alinunua" hawezi kujua kama kilichonunuliwa ni samaki, mafuta ya taa au kanga. Modeli ya lugha hufanya makadirio ya aina hiyo kwa kila neno. Maandishi ambayo karibu kila neno lake lilitarajiwa huhesabiwa kuwa na utabirikaji mkubwa, na kwa kuwa mashine huelekea kuchagua yanayotarajiwa, utabirikaji huo huchukuliwa kuwa dalili ya mashine. Baadhi ya programu huongeza kipimo cha mbadiliko, kwa kudhani kwamba binadamu huchanganya sentensi ndefu na fupi kuliko mashine. Nyingine hufunzwa kwa mifano mingi ya maandishi ya pande zote mbili hadi zikajifunza tofauti zake. Mitchell na wenzake (2023) walipendekeza njia ya kuyabadilisha maandishi kidogo kidogo na kuangalia kama uwezekano wake unashuka ghafla, kama mtu aliyesimama kileleni ambaye kila hatua humteremsha.

Njia hizi zote huishia mahali pamoja, yaani kwenye kadirio. Hakuna chanzo kinachowekwa kando ya sentensi iliyotiwa alama. Mtahini akiuliza, "Kwa nini aya hii?" programu haina cha kumwonyesha isipokuwa namba. Aidha, kiungo cha hoja yenyewe ni dhaifu: kwamba mashine huandika yanayotabirika hakuthibitishi kwamba kila kinachotabirika kimeandikwa na mashine. Binadamu naye huandika yanayotabirika anapofuata kanuni za utanzu, anapotumia lugha asiyoimudu sana, au anapofundishwa kuandika kwa mpango maalumu. Na mashine huandika yasiyotabirika pale inapoagizwa kufanya hivyo.

4.0 Matokeo ya Majaribio

4.1 Usahihi wa jumla

Ushahidi wa kwanza unatoka kwa waliounda mashine yenyewe. Tarehe 31 Januari 2023 OpenAI ilitoa programu yake ya kutambua maandishi ya akili unde. Kwa takwimu za kampuni hiyo, programu iliyatambua asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine katika mkusanyo wa majaribio, na iliyatuhumu kwa uongo asilimia 9 ya maandishi ya binadamu. Julai 2023 iliondolewa kwa sababu ya usahihi wake mdogo. Weber-Wulff na wenzake (2023) walijaribu programu 14. Hakuna iliyofikia usahihi wa asilimia 80, na 5 tu ndizo zilizovuka asilimia 70. Watafiti hao waliona pia kwamba usahihi ulishuka pale maandishi ya binadamu yalipotafsiriwa kwa mashine kutoka lugha nyingine kwenda Kiingereza.

Kuyabadilisha maneno ya mashine nako hudhoofisha utambuzi. Krishna na wenzake (2023) walionyesha kwamba maandishi ya mashine yakisemwa upya na programu nyingine, uwezo wa njia ya Mitchell na wenzake kuyatambua ulianguka kutoka asilimia 70.3 hadi 4.6, kiwango cha tuhuma za uongo kikiwa kimewekwa kwenye asilimia 1.

4.2 Nani hutuhumiwa

Liang na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford (2023) walichukua insha 91 za watahiniwa wa mtihani wa TOEFL, ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, wakazipitisha katika programu 7. Kwa wastani asilimia 61.3 ya insha hizo, zote za binadamu, zilihesabiwa kuwa za mashine. Insha 18 zilituhumiwa na programu zote 7, na insha 89 kati ya 91 zilituhumiwa na angalau programu moja. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani, kwa upande wake, ziliainishwa karibu zote kwa usahihi. Watafiti walipoiagiza ChatGPT iutajirishe msamiati wa insha za TOEFL, wastani wa tuhuma ulishuka hadi asilimia 11.6. Hapa pana kinaya kizito: mwanafunzi aliyejiandikia mwenyewe alihukumiwa, na insha yake ilipopitishwa mikononi mwa mashine ikatakaswa.

4.3 Hesabu ya tuhuma

Hata programu bora zaidi hazina budi kupimwa kwa hesabu ya kawaida ambayo mara nyingi husahauliwa. Tuchukulie tasnifu 1,000, na tuseme 100 kati yake zimeandikwa na mashine. Kwa takwimu za OpenAI, programu ingenasa 26 kati ya hizo 100, na ingezituhumu kwa uongo 81 kati ya 900 zilizobaki. Watuhumiwa wote wangekuwa 107, na wasio na hatia miongoni mwao 81.

Tuchukue sasa chombo kilicho bora sana, kinachonasa asilimia 80 na kutuhumu kwa uongo asilimia 1. Katika tasnifu zile zile kingenasa 80 za mashine na kutuhumu 9 za binadamu. Lakini ikiwa waliodanganya ni 10 tu kati ya 1,000, chombo hicho hicho kingenasa 8 na kuwatuhumu takriban 10 wasio na hatia. Maana yake ni kwamba kadiri wanafunzi wanavyokuwa waaminifu, ndivyo tuhuma za programu zinavyostahili kuaminiwa kidogo. Agosti 2023 Chuo Kikuu cha Vanderbilt nchini Marekani kilikizima kipimo cha Turnitin, na miongoni mwa sababu kilizotoa ni hesabu ya namna hii: kazi 75,000 zilikuwa zimepitishwa katika programu hiyo mwaka 2022, na asilimia 1 ya kazi hizo ni kama 750.

Haki yatudai tuseme kwamba programu za ukisiaji zimeendelea kuboreshwa, na kwamba maandishi ya Kiingereza yaliyotoka kwenye mashine bila ya kuguswa hunaswa mara nyingi na zilizo bora. Lakini kamati ya nidhamu haihukumu wastani. Inamhukumu mtu mmoja.

5.0 Maandishi ya Kiswahili

Majaribio tuliyoyataja yalifanywa kwa Kiingereza. Kipimo cha Turnitin nacho kilianzishwa kwa Kiingereza, na Kihispania kikafuata mwaka 2024. Swali la idara za Kiswahili ni kama matokeo hayo yaweza kuhamishiwa kwenye tasnifu iliyoandikwa kwa Kiswahili. Kuna sababu tatu za kusita.

Kwanza ni mofolojia. Neno hawakumwandikia lina mofimu saba: ha-wa-ku-mw-andik-i-a. Modeli za lugha hukata maneno katika vipande kwa kufuata wingi wa kutokea kwake katika maandishi ya mafunzo, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, na mikato hiyo hailazimiki kufuata mofimu zetu. Ndani ya neno la Kiswahili baadhi ya vipande hulazimishwa na upatanisho wa kisarufi: ikishatajwa ngeli, viambishi vya maneno yanayofuata havina uhuru mkubwa. Utabirikaji wa namna hii unatokana na sarufi, wala si dalili ya mashine.

Pili ni kiasi cha maandishi ya mafunzo. Modeli iliyoona Kiswahili kidogo hushangazwa na mengi ambayo msemaji huyaona ya kawaida. Kipimo kilichowekewa mpaka kwa Kiingereza chaweza basi kukosea pande zote mbili: kuyapitisha maandishi ya mashine kwa kuwa Kiswahili chote kinaonekana kigeni kwake, au kuyatuhumu ya binadamu yaliyo karibu na yale machache iliyoyaona. Hatuwezi kujua ni upande upi mpaka kipimo kijaribiwe kwa mkusanyo wa tasnifu za Kiswahili ambazo waandishi wake wanajulikana bila ya shaka. Zilizotetewa kabla ya mwaka 2022 zafaa sana kwa kazi hiyo.

Tatu ni mtindo wetu wa kitaaluma. Makala na tasnifu zetu zina mafungu ya maneno yaliyokwisha kuwa desturi: "utafiti huu unakusudia kuchunguza", "data zilikusanywa uwandani", "kwa kuhitimisha tunaweza kusema". Mwanafunzi hufundishwa mafungu hayo na husahihishwa anapoyaacha. Kwa kigezo cha utabirikaji, mwanafunzi mtiifu ndiye aliye hatarini zaidi. Itakuwa ajabu iwapo idara itamfundisha mtu kuandika kwa kanuni, kisha imtuhumu kwa kuzifuata.

6.0 Njia za Kuuthibitisha Uandishi

Uchunguzi wa mtindo si jambo la kubezwa. Mosteller na Wallace (1964) walichunguza insha 12 za mkusanyo wa Federalist wa miaka ya 1787 na 1788, ambazo Hamilton na Madison wote wawili walihusishwa nazo, na kwa kuhesabu maneno madogomadogo ya kisarufi wakazielekeza kwa Madison. Lakini walikuwa na masharti ambayo programu za ukisiaji hazina: washukiwa walikuwa wawili tu, na kila mmoja alikuwa na maandishi mengi ya hakika ya kulinganishia. Programu ya ukisiaji haimjui mwanafunzi. Haijapata kusoma insha yake ya mwaka wa kwanza.

Wanafasihi ya Kiswahili wanalifahamu vyema tatizo la kuthibitisha uandishi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki takriban mwaka 1840, yametufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakumbuka na kuyakusanya, W. E. Taylor akayahifadhi, na Hichens akayachapisha mwaka 1940. Tunapouliza kama shairi fulani ni la Muyaka, mtindo hutusaidia, lakini tegemeo letu kuu ni mnyororo wa mashahidi: nani alilipokea, kutoka kwa nani, na katika tukio gani. Watunzi wengi wa tenzi nao walitaja majina yao na tarehe katika beti za mwisho, wakijua kwamba mtindo pekee hautoshi kumtambulisha mwenye kazi.

Ushahidi wa namna hiyo ndio unaohitajika leo. Tasnifu ya kweli huacha nyayo: pendekezo la utafiti, rasimu zenye masahihisho ya msimamizi, daftari la uwandani, kanda za mahojiano, orodha ya watoataarifa. Mwanafunzi aliyeketi na wazee wa Pemba au Lamu ana sauti zao. Katika utetezi wa tasnifu anaweza kuulizwa kwa nini aliliacha jambo fulani katika rasimu ya pili, na mwenye kazi atajibu.

Makosa ya mashine nayo mara nyingi hugunduliwa kwa usomaji wa kawaida. Katika kesi ya Mata dhidi ya Avianca mjini New York, mawakili waliwasilisha mahakamani maandishi yaliyotaja hukumu za kesi 6 zilizobuniwa na ChatGPT. Hazikugunduliwa kwa programu ya ukisiaji. Mawakili wa upande wa pili na mahakama walizitafuta kesi hizo wasizione. Juni 2023 Jaji P. Kevin Castel aliwatoza faini ya dola 5,000. Mtahini anayefungua marejeo ya tasnifu moja baada ya jingine anafanya kazi hiyo hiyo, na matokeo yake yana sifa ile ya ulinganishaji: yanaonyeshika. Marejeo yasiyopatikana popote yanadai maelezo kutoka kwa mtahiniwa, na maelezo hayo nayo yanahakikika.

Ipo pia njia ya alama fiche, ambapo mashine yenyewe hupendelea maneno fulani kwa siri ili baadaye yahesabiwe. Kirchenbauer na wenzake walieleza njia ya aina hiyo mwaka 2023, na Google DeepMind ikaeleza yake, SynthID-Text, mwaka 2024. Lakini alama huwapo tu kwa mashine ambayo mwenyewe amekubali kuitia, nayo hudhoofika maandishi yakitafsiriwa au yakisemwa upya.

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba programu za ulinganishaji haziwezi kutambua maandishi ya akili unde kwa kuwa hakuna matini asilia ya kulinganisha nayo, na kwamba programu za ukisiaji hutoa makadirio yanayokosea, hasa kwa wale wanaoandika kwa lugha isiyo yao ya kwanza. Kwa Kiswahili makadirio hayo hayana bado msingi wa majaribio wa kuyategemea.

Yafuatayo basi yanapendekezwa. Asilimia ya ukisiaji isitumiwe kuwa ushahidi katika shauri la nidhamu, wala isiandikwe katika ripoti ya mtahini. Ikitumiwa, iwe ni sababu ya kumwita mwanafunzi na kuzungumza naye juu ya kazi yake, na asiambiwe kwamba amekwisha kutiwa hatiani. Kanuni za uzamili zidai rasimu na data za uwandani zihifadhiwe hadi utetezi umalizike. Na idara zenyewe ziandae mkusanyo wa tasnifu za Kiswahili wa kuvipimia vyombo hivi kabla havijatumiwa kuwapimia wanafunzi.

Msimamizi anayesoma rasimu zote tangu ya kwanza hana haja kubwa ya programu ya kumwambia nani ameandika. Asiyezisoma, hakuna asilimia itakayomtosheleza.